Tende za Mwalimu wa Kemia

Ndugu zangu wa baraza hili la mtandaoni, leo nimevuliwa nguo mbele ya Sheikh. (Nguo za heshima, si kanzu. Kanzu ninayo bado, ijapokuwa ina doa.)

Naandika haya mapema, kabla Othman hajaandika yake. Mnamfahamu Othman, yule mtu wa Mombasa tunayeishi naye huku. Akisimulia yeye, panya huwa ndovu, na ndovu huwa na mabawa. Mimi nitawapa mambo kama yalivyokuwa, kwa mpangilio wake, kwa sababu maisha yangu yote nimewafundisha watoto wa watu kwamba neno lisilo ushahidi ni upepo. Nilipokuwa nikifundisha kemia kule Tanga, mwanafunzi akianza na "Mwalimu, wanasema...", nilimkata hapo hapo: "Nani kasema? Umeona wewe?" Swali hilo limenifuata hadi hapa Thorncliffe Park, Toronto, na mke wangu, Mama Salma, amelisikia mara nyingi kiasi kwamba siku hizi hulijibu kabla sijaliuliza.

Sasa sikilizeni.

Mlango unaotazamana na wetu anakaa Bi Fumiko, mjane wa Kijapani, mtu wa heshima zake, ambaye huinama akikusalimu hata akiwa amebeba mfuko wa viazi. Kila kiangazi hutengeneza kitu kinachoitwa umeboshi. Ni plamu changa (tafadhali msizifananishe na zambarau zetu) zinazolazwa kwenye chumvi kwa majuma kadhaa mpaka zitoe maji yake, kisha zikaanikwa juani kwa siku tatu. Mama Salma alipoelezwa kazi hiyo kwa mara ya kwanza alipiga makofi. "Kumbe ni achari! Basi Wajapani nao wana mashangazi wa Tanga."

Mwaka huu kazi hiyo ilikuwa na uzito wa pekee. Kesho kaka yake Bi Fumiko anawasili kutoka Vancouver. Mzee huyo amekuwa akimwambia kwenye simu, mwaka baada ya mwaka, kwamba matunda ya Ontario hayawezi kutoa umeboshi ya maana, na kwamba dada yake anapoteza chumvi bure. Bi Fumiko si mtu wa kubishana. Alikusudia kumwekea sahani mezani, amtazame anavyotafuna, basi. Lakini roshani yake inatazama kaskazini, na jua huipitia kwa mbali kama mdaiwa. Yetu inapata jua mchana kutwa.

Akaja juzi na ungo wake wa mwanzi, umejaa.

"Mwalimu, nimekuja kukuomba jua." (Tulizungumza Kiingereza. Nawatafsiria.)

Nikamjibu, "Jua ni la Mungu, roshani ni yangu, na plamu zako ni amana."

Neno hilo, amana, nilimfafanulia kwa kirefu. (Kwa kirefu mno, kwa maoni ya Mama Salma, ambaye alikuwa amesimama na sufuria ya moto mkononi.) Nilimweleza kwamba kwetu mtu akishapokea amana, hulala jicho moja likiwa wazi mpaka airudishe kwa mwenyewe. Bi Fumiko aliinama. Mimi pia nikainama. Mgongo ukalia.

Naomba mlikumbuke neno hilo, amana.

Jana ndipo Othman alipoleta habari yake humu barazani, nanyi nyote mliisoma: eti tende zote zinazouzwa mitaani kwetu Ramadhani hii ni za zamani, zimechovywa kwenye shira ya sukari ili zing'ae. Nikamuuliza nani kasema. Akajibu, "Watu." Watu gani? Akajibu, "Jirani yake shemeji yangu ana mtu anayefanya kazi ghalani." Huo ndio ushahidi wake! Mimi nikaandika, hapa hapa, mbele yenu: "Othman, kesho unafuturu kwangu, na Sheikh Haji nitamwalika. Nitawalisha tende nilizozichunguza mwenyewe." Wengine mkaweka vidole gumba. Nimewahifadhi kichwani, kila mmoja wenu.

Basi asubuhi ya leo nilikwenda kununua tende. Nikaziosha kwa maji ya uvuguvugu, nikayachungulia maji yale kwenye mwangaza, nikayaacha yatulie, nikayachungulia tena. Safi. Hakuna shira. Nikachukua ungo wa Mama Salma, nao wa mwanzi vile vile, ule alioubeba kutoka Tanga akiamini kwamba hakuna nyungo Kanada, nikazitandaza tende, nikaziweka roshani zikauke, ubavuni mwa ungo wa Bi Fumiko. Nyungo zote mbili nikazifunika kwa shashi nyeupe, maana njiwa wa jengo hili hawana dini.

Mama Salma akatokea mlangoni na mwiko.

"Baba Salma, tia alama."

"Alama ya nini?"

"Vitu vyote viwili ni vya hudhurungi, vyote vimesinyaa, vyote viko kwenye ungo, vyote vimefunikwa shashi. Funga hata uzi."

(Ni kweli kwamba plamu hizo kwa kawaida huwa nyekundu. Mwaka huu Bi Fumiko hakuyapata majani ya kuzitia rangi. Hilo silitaji kama udhuru. Nalitaja tu.)

"Nina macho, Mama Salma. Plamu kushoto, tende kulia. Mpangilio wenyewe ni alama."

"Haya," akasema.

Wenye wake mnajua uzito wa "haya" hiyo. Niliipokea, nikaiweka kando, nikaenda kusoma.

Alasiri nilikuwa kitini, kitabu kifuani. (Sikulala. Nilikuwa nikitafakari kwa macho yaliyofumbwa.) Nikasikia Mama Salma akipaza sauti kutoka jikoni: "Baba Salma, wingu! Anua vyako!" Niliruka. Plamu za Bi Fumiko zikiguswa na mvua siku ya mwisho zimeharibika, alikuwa ameniambia mwenyewe. Nikakimbilia roshani kwa kasi ambayo sijaitumia tangu enzi za mwalimu wa zamu.

Hapa naomba mnifuate kwa makini. Asubuhi, nilipozipanga nyungo, nilikuwa nimesimama nje roshani, barabara iko mgongoni, nimeielekea nyumba. Alasiri nilitoka ndani, nimeielekea barabara. Mwenye akili ameshaelewa. Mimi nilielewa baada ya magharibi.

Nikaushika ungo wa kushoto kwanza, kwa kuwa amana hutangulia. Nikavuka nao ukumbi, umefunikwa vizuri, nikabisha. Bi Fumiko alifungua akiwa na simu sikioni. Alikuwa akizungumza na kaka yake. Sauti ya mzee ilikuwa ikisikika mpaka kwangu, ikikanusha kitu. Akaupokea ungo kwa mikono yote miwili, akanong'ona:

"Mwalimu, umeniokoa."

"Amana imerudi kwa mwenyewe," nikasema.

Nilirudi nyumbani nikiwa mrefu kidogo kuliko nilivyotoka. Mvua yenyewe haikunyesha. Wingu lilipita juu ya jengo letu, likaenda kuwanyeshea watu wengine.

Jua lilipokaribia kuzama nikaanza kupakua tende kwenye sahani kubwa ya maua, ile isiyotolewa ila kwa Sheikh na kwa posa. Nikafunua shashi. Zilikuwa zimependeza kweli kweli, zimenywea vizuri, na juu ya maganda yake palikuwa na chembechembe nyeupe zinazometameta.

Mama Salma akasogea.

"Hizi zimeota nini?"

"Fuwele za sukari," nikamwambia. "Sukari ya asili ikikaukiwa na maji huganda. Hii ni kemia ya kidato cha kwanza. Na kwa kuwa tende niliziosha mwenyewe, sukari hii imetoka ndani. Othman amekwisha!"

"Na hii harufu ya siki?"

"Kachumbari yako."

"Kachumbari yangu haina siki. Ina ndimu."

"Basi ni ndimu." (Pua yangu ilistaafu miaka kadhaa kabla yangu.)

"Baba Salma, zionje. Ncha ya ulimi tu, uteme. Mpishi aliyefunga anaruhusiwa."

"Nani kasema?"

"Watu wote wanasema. Bibi yangu alikuwa akionja mchuzi kila siku ya Ramadhani."

"Bibi yako, Mungu amrehemu, si ushahidi. Sitaiweka saumu yangu rehani kwa neno la jikoni."

"Basi nionje mimi."

"Wala wewe."

Alinitazama. Akaitazama sahani. Akanitazama tena.

"Haya," akasema.

Haya ya pili! Ya tatu haikuwahi kutamkwa katika ndoa yetu.

Wageni wakawasili. Sheikh Haji, mtu wa Unguja, mdogo wa umbo, mpole wa sauti, aliketi mahali pa heshima. Othman akaketi mkabala naye, amevaa kofia mpya ya viua kwa ajili ya kuniona nikishindwa. Walikuwepo pia majirani na jamaa kadhaa kutoka mtaa wa Crescent Town, mmoja wao muuguzi aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu. Wanawake walikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Siku za Julai hapa Toronto ni ndefu, ndugu zangu. Jua hugoma kuondoka kama mgeni aliyeonjeshwa halua. Watu walikuwa wamekauka. Walikuwa wakiitazama sahani yangu kama watoto wanavyotazama mlango wa duka.

Nami nikaona hizo dakika za mwisho zisipotee bure. Nikasimama, sahani mkononi.

"Othman, unaona nini hapa?"

"Tende, Mwalimu."

"Nani kasema?"

"Si wewe wasema? Hebu keti, yakhe, adhana yaja."

"Jamaa wakacheka," ndivyo atakavyoandika yeye. Hawakucheka. Walitabasamu. Nikaendelea:

"Kuna watu wanaoishi kwa kuambiwa. Mimi tende hizi nimezinunua mwenyewe, nimeziosha mwenyewe, nimezianika mwenyewe. Nazithibitisha mbele yenu. Utamu mtakaouonja hapa haukutiwa na mfanyabiashara yeyote. Ni utamu wa Mungu peke yake."

Nilisema hivyo. Utamu wa Mungu. Mbele ya Sheikh.

Adhana ikalia kwenye simu ya muuguzi. Nikaizungusha sahani mwenyewe, kama inavyompasa mwenye nyumba, kila mtu akachukua. Sheikh alichukua moja, akasoma dua yake taratibu, akaitia kinywani. Wengine wakafuata. Othman akachukua tatu, kwa sababu sunna ni witri, moja au tatu. (Kuzitia zote tatu mdomoni kwa pamoja si sunna. Hiyo ni ya Othman.)

Nimehudhuria futari nyingi. Kwa kawaida baada ya tende husikika "alhamdulillahi", maji, vijiko. Safari hii palikuwa kimya kama chumba cha mtihani. Sheikh alikuwa amefumba macho. Chozi likamtoka jicho la kulia, likateremka polepole hadi kwenye ndevu. Midomo ya muuguzi ilikuwa imeingia ndani, haionekani tena. Jamaa mwingine aliushika mkeka kwa mikono miwili kana kwamba jengo linainama.

Nami nikasema moyoni: hotuba yangu imewagusa!

Hakuna aliyetema. Hapo ndipo mnapoona malezi ya watu wetu. Mgeni hatemi chakula cha mwenyeji, na nani angethubutu kutema ilhali Sheikh hajatema? Naye Sheikh, kama alivyonieleza baadaye, alishindwa kutema kitu ambacho jina la Mungu lilikuwa limekwisha kutajwa juu yake.

Sauti ya Othman ikasikika, nyembamba, kama inatoka chini ya kisima.

"Mwalimu... utamu huu..."

"Sema, Othman! Kweli haifichwi!"

"...wanishinda."

Nikaketi, nimeridhika. Nikasema bismillahi, nikachukua yangu, kubwa kuliko zote, nikaiuma.

Ndugu zangu, naujua uchachu. Nimekula ukwaju mbichi. Nimelamba ndimu kwa kushindana. Mara moja maabara nilifyonza mrija nikavuta kisichovutwa. Haya yote ni maziwa. Mashavu yangu yalikutana katikati. Masikio yalisogea. Jicho moja lilifunga kazi kabisa. Halafu, nyuma ya uchachu, ikaja chumvi, na chumvi hiyo ilikuja na jamaa zake wote.

Chumvi! Zile fuwele! Mwalimu wa kemia, aliyezitolea fuwele mhadhara mzima, alikuwa ameshindwa kutofautisha chumvi na sukari!

Nikakohoa. Kokwa ikaniruka kinywani, ikapita juu ya sambusa, ikatua katika bakuli la uji la Sheikh. Nikanyosha mkono kuiopoa, nikamwaga uji. (Doa la kanzu ndilo hilo.)

Hapo mlango ukabishwa. Mama Salma akaenda kufungua. Alikuwa Bi Fumiko, ameshika ungo, uso umejaa mshangao wa kweli.

"Mwalimu, samahani kuwasumbua. Jua lako ni kali namna gani? Plamu zangu zimekuwa tamu."

Othman ndiye aliyeanza. Alicheka na kokwa tatu shavuni, akalala ubavu, kofia mpya ikaingia kwenye bajia. Muuguzi akafuata. Kisha wanawake chumbani, ambao walikuwa wamepelekewa sahani yao ya zile zile, wakaangua kicheko ambacho nadhani kilisikika mpaka barabarani. Hata Sheikh mabega yalikuwa yakitikisika.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nikiitazama sahani. Amana! Plamu za mjane, kazi yake ya kiangazi kizima, za kumwekea kaka yake kesho, na nusu yake ilikuwa vinywani mwa wageni wangu. Bi Fumiko naye aliziona. Akaona kokwa. Akatazama nyuso za watu, moja baada ya nyingine.

Nikasimama, nikamweleza yote, bila kupunguza. Kushoto, kulia, shashi, fuwele. Nikamwambia kwamba sina la kujitetea.

Aliuliza swali moja tu.

"Wamezila hivi hivi? Bila wali?"

"Hivi hivi."

"Baada ya kushinda na njaa?"

"Ndiyo."

Akajishika kifua. "Masikini watu hawa!"

Akaingia, akapiga magoti kwenye mkeka, akaomba wali mweupe. Mama Salma akaleta sinia la wali wa nazi, ndio uliokuwepo. Bi Fumiko akamega kipande cha plamu, kidogo kama ukucha, akakiweka juu ya tonge, akampa Sheikh. Sheikh alilitazama tonge hilo kwa subira kubwa. Akalila. Akatafuna. Uso ukamfunguka.

"Subhanallah! Mwalimu, hii si tende. Hii ni achari!"

"Achari nzuri," akasema muuguzi, ambaye midomo yake ilikuwa imerudi.

"Ya ndimu ya kwetu Mombasa bado yaishinda," akasema Othman, huku mkono wake ukiwa umekwisha fika kwenye sahani.

Mikono ikaanza. Kipande kwa tonge, tonge kwa kipande. Nami nikaona amana ikipungua kwa mara ya pili, sasa kwa ridhaa ya watu wote isipokuwa yangu. Sheikh aliponyosha mkono kuchukua nyingine, mimi, bila kufikiri, niliivuta sahani.

"Amana, Sheikh! Amana!"

Mkono wa Sheikh ukabaki hewani. Nimemnyima Sheikh chakula, nyumbani kwangu, mwezi wa Ramadhani.

Akanitazama kwa upole. "Mwalimu," akasema, "ulipokuwa na njaa uliila nzima nzima. Sasa umeshiba ndio waikumbuka?"

Kicheko kile kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Safari hii Bi Fumiko naye alicheka, ameziba mdomo kwa mkono, baada ya Mama Salma kumtafsiria. Alipotulia akazikusanya zilizobaki kwenye bakuli dogo, akazitazama.

"Zinatosha kumnyamazisha mtu mmoja," akasema. "Na sasa nina kitu ambacho asubuhi sikuwa nacho. Nina mashahidi. Mwalimu, kesho utakuja umwambie kaka yangu kwamba ni nzuri?"

Nikakubali. Ningekubali hata kumfulia.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe Mama Salma alikuwa akingoja. Akasimama mlangoni mwa chumba, na kwa adabu zote akasema:

"Sheikh, nina swali. Mpishi aliyefunga, anaruhusiwa kuonja chakula kwa ncha ya ulimi?"

"Anaruhusiwa, mama, ikiwa ana haja nako, mradi asimeze."

Mama Salma akanigeukia. Hakuinua sauti.

"Haya," akasema.

Ya tatu, ndugu zangu. Mbele ya watu.

Wageni wameondoka. Othman amebeba tende zilizosalia, eti za kufanyia uchunguzi. Naomba yeyote kati yenu mwenye huruma asicheke, na mwenye kucheka asiandike, na mwenye kuandika aweke akiba ya maneno kwa sababu uzee unakuja kwa wote.

Kesho ninakwenda kutoa ushahidi. Bi Fumiko amenitahadharisha mlangoni kwamba kaka yake ni mzee msomi, mkali, mbishi, asiyekubali neno la mtu mpaka alione kwa macho yake. Mtu wa namna hiyo, sijui watu wa nyumbani kwake humvumilia vipi.